Vazi la Saba

Uliangalia pembeni. Usikatae, maana ulikuwa safu ya tatu ukumbini, upande wa spika, na glasi ilipoinuliwa jukwaani uliinama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Tulikuona. Jirani yako naye akakumbuka ghafla kwamba simu yake inahitaji kutazamwa. Mji mzima wa Mwasekela, mji unaojisifu kuwa na macho, siku ile ulikuwa na shughuli chini ya viti.

Basi kaa. Leo utasimuliwa tangu mwanzo, na safari hii umevaa ndala.

Ugonjwa wenu ni kusahau. Mmewasahau wenye kofia ngumu nyeupe walioosha dhahabu kwa zebaki kule mgodini, wakaondoka na dhahabu na kutuachia zebaki. Mmemsahau yule bwana aliyekunywa glasi ya maji ya bomba mbele ya kamera, akajifuta mdomo, akasema ni safi kabisa, kisha akaonekana nyuma ya ofisi akishusha katoni za maji ya dukani. Sisi wachache tunaokumbuka mnatuita wachochezi. Haya, tuchochee. Lakini hatutapoteza mate kwa watu wa namna hiyo. Leo tunawazungumzia wanawake wawili, shangazi na binti wa kaka yake. Wangezaliwa katika mji wenye shukrani, kila mmoja angekuwa na barabara yenye jina lake.

*

Nkwimba alikuwa na sufuria ya kioo motoni mdogo wake Kabula alipoingia jikoni.

Jiko ndilo jina ambalo wavishaji, wapishi wa nukta za mwanga, wameipa maabara yao, kwa sababu kila kinachotoka mle hupikwa kwa maji, kama uji. Unachukua chumvi za madini, unazikoroga ndani ya maji, unatia salfa kidogo, unangoja. Mwanzoni huoni kitu. Halafu, ukiimulika sufuria kwa taa ya zambarau, rangi inaamka: kijani cha jani changa, manjano, chungwa, na mwisho nyekundu kama kaa la moto. Hizo ni nukta zinakua. Vitabu huziita nukta za kwanta. Ni ndogo mno, hata unywele ukiuweka kando yake utaonekana kama mnazi ulioanguka, na ukubwa wake ndio rangi yake. Mpikaji akizembea kidogo, chungwa alilolitaka limeshakuwa jekundu. Nkwimba hakuwa mzembe. Alikuwa anatoa sufuria motoni kwa namna mama anavyomtoa mtoto majini, mara moja, bila kurusha tone.

"Hodi wenye nyota!" Kabula alisema, akiwa ameshakaa kwenye kiti cha pekee mle ndani.

"Hodi gani hiyo ya mtu aliyekwisha kukaa?"

"Mwenye mimba haombi ruhusa, dada. Anatoa taarifa tu." Akajipepea kwa khanga. Tumbo lilikuwa limemtangulia, kubwa, la kuchekesha, na yeye alikuwa analionea fahari kama mtu aliyenunua gari. "Una ndimu?"

"Hapa kuna zinki na salfa. Ndimu nenda sokoni."

"Ndiyo maana hamuolewi, nyie wavishaji. Mgeni anakuja, mnamkaribisha zinki."

Nkwimba akacheka bila kuinua macho. Alikuwa anamimina. Nukta ikitoka motoni iko uchi, na nukta iliyo uchi haidumu: uso wake una vitundu, na mwanga unavuja humo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kazi ya mvishaji ni kuziba vitundu. Vazi la Kwanza ni jepesi, utando wa salfa wenye harufu ya yai viza, na hilo ndilo lililoujengea mji huu heshima. Zebaki inaipenda salfa kupita kiasi. Ikiwamo majini inalikimbilia lile vazi, inajibandika, na nukta inazima. Ndiyo maana kila nyumba ya Mwasekela jua likizama hujaza glasi kwa maji ya bomba lake, hutia tone la nukta kutoka kwenye chupa ya Bodi ya Maji, na kuiweka dirishani juu ya taa ndogo ya zambarau. Haiwekwi kwa ajili ya kunywa. Inawekwa iseme. Inayong'aa inasema maji ni mazima, mpishi wa nyumba hii ateke. Mtaa mzima unasoma madirisha ya mtaa mzima.

Yote hayo unayajua. Lakini sikiliza, maana hapa ndipo mlipoteleza wote.

"Dada," Kabula alisema, "nizimie moja."

"Nini?"

"Kama zamani. Ulivyoingia kazini si walikufanyia? Mimi nilikuwa mlangoni, nilichungulia. Shangazi Minza alikupa chupa ile ya maji mabaya, ukatia tone kwenye nukta zako za kwanza, zikazima puu! Ukalia kama umefiwa. Nilifurahi wiki nzima."

Nkwimba akasimama na kijiko mkononi. Alikuwa amesahau. Ilikuwa desturi ya jiko, ikiitwa kuzima: mvishaji mpya akishapika nukta zake za kwanza, na kujisifu, na kupigiwa makofi, alipewa maji ya dimbwi la kule mgodini, na kwa mkono wake mwenyewe aliziua. Apate kujua kwamba mwanga wake kazi yake ni kufa.

"Siku hizi hatuzimi," alisema.

"Kwa nini?"

Nkwimba akaanza kuyahesabu mavazi kichwani. Maana hakuna aliyekataza. Lilipokuja Vazi la Pili, mwanga ukaongezeka, watu wakafurahi. Likaja la Tatu, mtaa wa Kanisani ukapata madirisha yaliyong'aa kuliko ya mtaa wa Stendi, na mtaa wa Stendi ukanuna. Wavishaji wakaanza kushindana. Zinki juu ya salfa, kioo juu ya zinki, kioo juu ya kioo. Mwisho shangazi Minza akatengeneza Vazi la Saba, na mwanga wake, jamani, tusidanganyane, ulikuwa mzuri hata mtu mzima alisimama barabarani na mfuko wa unga kichwani akasahau kuwa ni mzito. Nani angechukua maji machafu akaliue lile jambo? Ilionekana kama ukorofi. Desturi ikafa kwa aibu tu, bila mazishi.

"Haya, moja tu," Nkwimba alisema. "Halafu ukatafute ndimu zako."

Akafunga madirisha, akawasha taa ya zambarau. Akaweka glasi yenye Vazi la Saba. Kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya mitungi, ile chupa ya dimbwi ilikuwepo bado na kitambaa chake chekundu shingoni. Akatia tone.

Glasi ikang'aa.

Akatia tone jingine. Akatia kijiko kizima. Akamimina mpaka glasi ikafurika na maji yakatiririka mezani, na meza nayo ikang'aa.

"Imekomaa hiyo!" Kabula alicheka, akipiga makofi. "Siku hizi hazifi! Hongereni!"

Nkwimba hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake, mkono ulivyolala juu ya tumbo, na kwenye mwanga ule mzuri wa chungwa alikuwa anajiuliza swali moja tu: huyu anakunywa maji gani?

*

Hakumwambia kitu siku ile. Alipika upya, akavisha Vazi la Kwanza peke yake, jembamba, akaenda nalo nyumbani kwa Kabula mchana wakati mume yuko kazini. Akaomba chumba cha stoo, kile kisicho na dirisha.

Alichukua glasi mbili. Moja aliijaza maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati la nyuma ya nyumba. Nyingine aliijaza kwenye bomba la jikoni. Tone hapa, tone pale. Taa.

Zote mbili ziliamka pamoja, hafifu, mwanga wa kimaskini ambao mbele ya kamati ya urembo ya mtaa wowote ungeomba radhi. Kabula alisimama mlangoni akitafuna ndimu kwa chumvi.

"Mbona zimesinyaa hivyo?"

"Subiri."

Glasi ya mvua ilibaki palepale. Glasi ya bomba ilianza kurudi nyuma. Haikuzima puu. Ilikwenda polepole, kama mtu anayejivutia shuka usoni, na baada ya muda pale mezani palikuwa na glasi moja inayoonekana na moja isiyoonekana.

Kabula akaacha kutafuna.

"Dada. Hiyo ya giza ni ya wapi?"

"Ya bombani kwako."

Akaweka ndimu chini, akasema kwa sauti ndogo sana: "Nimekuwa nikinywa mengi. Nesi alisema ninywe maji mengi."

Ikiwa umewahi kusikia zebaki inachomfanyia mtoto aliye tumboni, huhitaji kuambiwa. Ikiwa hujawahi, kawaulize wazee wa Dimbwini kwa nini watoto wao wa enzi ya mgodi walichelewa kutembea, na wengine hawakutembea. Nkwimba alimshika mdogo wake mabegani. "Kuanzia sasa unakunywa ya tangi. Hii tu. Na kupikia, na kusukutulia mdomo."

"Na Mama Tungu wa mlango wa pili? Naye ana mimba. Na yule binti wa duka la dawa?"

Nkwimba akatoka nje. Nyuma ya nyumba tangi lilitoa mlio wa utupu alipoligonga. Masika yalikuwa mbali.

*

Shangazi Minza alikuwa barazani akifuta glasi za sherehe kwa kitambaa laini. Ilikuwa imebaki siku moja tu kabla wajumbe wa miji yote ya ukanda wa ziwa hawajaja kulipokea Vazi la Saba, kila mmoja aende nalo kwao. Bodi ilikuwa imeshachapisha fulana zenye uso wake. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni la kushindia, lililotatuka kwapani.

Yafaa ujue huyu ni nani. Aliacha shule darasa la saba, akajifunza kemia kwa kusoma maandishi ya pembeni ya mitungi na kuuliza maswali mpaka wauzaji wakamkimbia. Wageni wenye digrii walikuja kukaa benchi moja naye, akawapa kazi za kuosha vyombo hadi wazoee, kisha akawafundisha bila kinyongo, nao hadi leo wanamtumia salamu. Watu wengi wana akili. Huyu alikuwa na akili na subira, na hivyo viwili kukaa nyumba moja ni nadra.

Nkwimba alimweleza yote. Hakupamba.

Minza aliendelea kufuta glasi. "Umeimimina chupa nzima ya dimbwi?"

"Nzima, shangazi."

"Na ikang'aa."

"Mpaka meza iling'aa."

"Kioo," Minza alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja mtoto wake aliyepotoka. "Kioo juu ya kioo. Nimeziba vitundu vyote, mwanga usivuje. Na zebaki nayo imekosa pa kuingilia. Nimemvisha shahidi hadi nikamfunga macho." Akaiweka glasi chini. "Unataka nifanye nini?"

"Turudi Vazi la Kwanza."

"Vazi la Kwanza." Hapo sauti ikabadilika. "Wewe Jumatatu ya Giza ulikuwa Mwanza, masomoni. Hukuiona. Joto la Oktoba lilipika chupa zote za mji kwa pamoja, vazi likavuka lenyewe, likaiacha nukta uchi, na jioni ile mtu akaweka glasi dirishani, giza. Jirani, giza. Mtaa, giza. Maji yalikuwa mazima kabisa, Nkwimba! Lakini nani alijua? Watu walikimbilia chemchemi ya juu na ndoo na watoto, kijinjia chenyewe unakijua kilivyo chembamba. Ng'washi wangu alianguka kwenye kona. Waliompita juu walikuwa majirani. Walikuwa watu wema. Nilikaa msibani nao."

Nkwimba alimkumbuka Ng'washi, binamu yake, meno yenye mwanya, mikono mirefu.

"Nikaapa," Minza alisema, "kwamba mwanga wangu hautazima tena bure. Nikaapa kwa kaburi. Na haukuzima. Sasa unakuja kuniambia haukuzima hata pale ulipotakiwa. Basi niambie, maana mimi nina maiti ndani ya hesabu hii na siiamini tena hesabu yangu: shahidi anayepiga kelele bila sababu, na shahidi asiyepiga kelele kamwe, utampa nani dirisha la Kabula?"

Nkwimba alitaka kusema kitu kikubwa. Kilichomtoka ni kidogo. Alisimulia tu alivyofanya: kwamba hakuiamini glasi moja, kwa sababu Vazi la Kwanza lingeweza kuvuka lenyewe, hivyo aliweka na ya pili yenye maji ya mvua, tone kutoka chupa ileile. Zingezima zote mbili, angejua vazi limekufa, akapika jingine akalala. Ilizima ya bomba peke yake.

Minza alimkodolea macho. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, na akafunga mlango kwa komeo.

Nkwimba alikaa barazani muda mrefu kati ya zile glasi zilizofutwa. Alijua amemvunja mtu aliyemlea. Kesho yake yeye, mvishaji mkuu kijana, ndiye angeinua glasi mbele ya wajumbe. Angeweza kuiinua tu, akashuka, akala pilau, Kabula akaendelea na maji ya tangi, na wengine Mungu akawaona. Au angeweza kumwaibisha shangazi yake mbele ya fulana zenye uso wake. Njia ya tatu aliitafuta hadi akachoka. Haikuwepo.

*

Ukumbi unaukumbuka, ulikuwepo. Mchana, mapazia meusi yameshushwa, feni zinanguruma. Bwana Malimi, mkurugenzi wa Bodi, alikuwa kwenye kipaza sauti akiwa amevaa suti inayong'aa karibu sawa na glasi.

"Ndugu wajumbe! Wengine wana dhahabu. Wengine wana samaki. Sisi Mwasekela tunauza uhakika!"

Makofi. Wewe ulipiga sana.

Nkwimba akapanda. Glasi ikawashwa, na ukumbi ukavuta pumzi, kwa sababu ilikuwa nzuri, na kila mtu mwenye roho huvuta pumzi mbele ya kitu kizuri. Akatoa kwenye kikapu chupa yenye kitambaa chekundu shingoni. Wavishaji wa zamani waliokaa mbele walikitambua kile kitambaa, mmoja alisema "Eh!" kwa sauti.

"Haya ni maji ya dimbwi la mgodini, nimeyateka leo alfajiri," Nkwimba alisema. "Zamani tulikuwa tunazima. Tuliacha. Leo nazima."

Akamimina. Glasi ikaendelea kung'aa. Akaiinua juu.

Hapo ndipo ulipokumbuka kamba za viatu.

"Vazi la Saba haliioni zebaki," alisema. "Linang'aa kwenye maji mazuri, linang'aa kwenye sumu. Nimepima bomba la mtaa wa Stendi kwa Vazi la Kwanza. Lina zebaki. Ndugu yangu mwenye mimba amekuwa akinywa maji ya bomba hilo. Na ninyi mnakunywa."

"Washeni taa!" Malimi alipaza sauti. "Washeni taa, fundi! Ndugu wajumbe, haya ni mambo ya kitaalamu, yatazungumzwa kwenye kikao. Dada Nkwimba amechoka, amepika usiku kucha kwa ajili yenu, mpigieni makofi..." Akamsogelea, akifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Binti, baada ya pilau. Nakuomba. Baada ya pilau tutaunda kamati."

"Fundi, usiwashe."

Sauti ilitoka mlango wa nyuma. Shangazi Minza alikuwa anakuja katikati ya viti, na lile gauni lililotatuka kwapani, mkono mmoja jiko dogo la gesi, mkono mwingine sufuria, na pakiti ya magadi ameibana kwapani penyewe.

"Mayu Minza, mama yetu," Malimi alisema, sasa akijipendekeza, "kiti chako kiko mbele, mayu, tumekiwekea na ua."

"Kikalie wewe. Unaonekana umechoka kusimama."

Kuna waliocheka. Alipanda jukwaani ngazi moja moja, akaweka jiko juu ya meza ya wajumbe, juu ya kitambaa cheupe, akawasha. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Akatia maji na magadi, yakachemka, akamimina humo tone la Vazi la Saba, akamwambia Nkwimba ashike taa ya zambarau.

"Kioo kinaliwa na magadi ya moto," aliuambia ukumbi, bila kipaza sauti, na ukumbi ulisikia. "Nilikivisha kwa miaka. Tazameni kinavyovuka."

Na wewe ulikuwa chini ya kiti, kwa hiyo hukuona, na hilo ndilo jambo ambalo tukikumbuka tunakuhurumia. Mwanga ulianza kushuka vazi kwa vazi. Ule mng'ao wa kujivuna ulitoka kwanza. Halafu ule wa sherehe. Halafu ule ambao mitaa iligombania. Minza alikuwa ameinamia sufuria uso karibu uguse mvuke, akikoroga, akiangalia rangi kama mtu anayesoma barua ya mwanawe, na mkono wake mzee haukutikisika. Kazi ya maisha yake ilikuwa inayeyuka mbele yake naye aliiyeyusha vizuri, kwa ustadi, bila kuzidisha hata kidogo, kwa sababu magadi yakizidi yanakula hadi Vazi la Kwanza na nukta inakufa. Akasema "Basi!" Nkwimba akazima moto palepale. Ndani ya sufuria ulibaki mwanga hafifu, mwembamba, wa kimaskini.

"Glasi mbili," Minza alisema.

Nkwimba akamtazama.

"Mbili, mwanangu. Kama ulivyofanya."

Maji ya mvua, chupa nyingine kutoka kikapuni. Maji ya bomba la ukumbi huuhuu, yaliyopikia pilau. Tone, tone. Ya mvua ikabaki. Ya bomba ikajivutia shuka, ikapotea.

Mtu akaangusha sahani.

"Sikieni," Minza alisema. "Jumatatu ya Giza hatukuwa na glasi ya pili. Tungekuwa nayo, ingezima pamoja na ya kwanza, na mtu angesema, aah, ni vazi tu limevuka. Mtu angecheka. Ng'washi wangu angeniletea chai." Akashika bega la Nkwimba. "Nilipika mavazi saba kuutafuta mwanga usiodanganya. Huyu ameupata kwa glasi ya maji ya mvua. Mpigieni makofi huyu. Za kwangu, hizo fulana, walisheni mbuzi."

*

Makofi yalikuwa machache. Pilau ililiwa, hata hivyo. Bwana Malimi aliunda kamati yake, na kamati imeshamaliza kazi: imetangaza kwamba Vazi la Saba lina "upungufu mdogo wa hisia", na kwamba litabadilishwa na Vazi la Nane, linalong'aa zaidi. Magari ya Bodi yanaanza kesho kupita nyumba kwa nyumba kukusanya chupa za zamani. Zote. Wakishazichukua hutakuwa na kitu cha kuchemsha.

Kabula anakunywa ya tangi. Tangi limebaki na maji ya kujaza kifuniko cha sufuria tu. Mama Tungu wa mlango wa pili anakunywa ya bomba, kwa sababu dirisha lake linang'aa sana.

Minza na Nkwimba wamefungua jiko, mlango wazi, wanamfundisha yeyote anayekuja. Wanafundisha hadi sauti zinakauka. Wamekuja wachache. Wewe hujaja.

Kwa hiyo inuka. Toa chupa yako kabla gari halijafika mtaani kwenu. Sufuria moja, kijiko cha magadi, moto. Koroga ukitazama; rangi ikikonda mpaka ukaionea huruma, zima. Glasi moja ya bomba, glasi moja ya mvua, zote mbili dirishani, zionekane na jirani. Na ya bomba ikizima, usishushe pazia na usikimbie. Nenda kagonge mlango wa pili, mwambie mwenye mimba aweke kikombe chini.

Umebaki umekaa. Ndala hazina kamba. Nenda.